Kimya Chako Hakikutuuza

Mwanangu Ngalula,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi, maana nakusikia hapo nyuma ya nyumba unasugua sufuria ambayo imekwisha kung'aa tangu asubuhi. Mtu anayesugua sufuria safi, hali yake haihitaji kuulizwa.

Naandika mchana huu kwa sababu jioni watakuja watu wa kuaga, na kesho ni treni. Meza yetu haipo tena, kwa hiyo nimepindua beseni na kulifanya meza. Mwandiko ukipinda, mlaumu mdogo wako aliye tumboni. Kila nikiinama anapiga teke. Karatasi hizi nitampa baba yako, ambaye yuko kituoni anawalindia nafasi. Atakupa mkiwa ndani ya treni, imekwisha kuondoka.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutotoa kichwa nje ya behewa, ya kutomwazima mtu blanketi, hayo Kaku ameyasema tangu juzi na atayasema mpaka Kasai. Ni bibi yako, ni haki yake, namwachia. Mimi nataka kusema juu ya kichwa chako. Hicho Kaku hakijui, baba yako anakijua nusu, na mimi ninayekijua nabaki.

Nina hasira. Nakuambia mapema, usije ukasoma na kudhani nimekukasirikia wewe. Ndivyo ulivyo: ukiona uso wa mtu umekunjika, unadhani umekunjwa na wewe. Mwalimu akiingia darasani amenuna, wewe unatafuta kosa lako. Mwalimu hajalipwa, Ngalula! Amenuna kwa njaa. Basi hasira iliyo katika barua hii si yako hata kidogo. Ina wenyewe, na nitawataja.

Babu yako aliletwa hapa na kampuni kutoka Kasai, kijana bado, kuchimba shaba. Baba yako alizaliwa hapa Kolwezi, kambini, akakua kwa posho ya kampuni kama watoto wote wa kambi. Kasai anaijua kwa hadithi za Kaku tu. Sasa mgodi umeporomoka, kampuni inakufa, posho haitoki, na wakubwa wamepanda jukwaani kusema kwamba njaa hii imeletwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Kwao wapi? Babu yako amelala katika makaburi ya hapa. Waende basi wamfukuze na yeye! Wamgongee, wamwambie aamke afunge mizigo. Walimtaka alipokuwa na mgongo wa kubeba. Mgongo umekwisha, sasa wanamtafutia kwao.

Na mjomba wako Kapend, mdogo wangu mwenyewe, niliyembeba mgongoni kule kwetu Kapanga, katika mkoa huuhuu, alikuja akasimama hapo mlangoni. Hakutaka hata maji.

"Yaya," akasema, maana mimi ni dada yake mkubwa, "we utabaki. Uko wetu. Mutoto ni wa kwa baba yake, aende na batu yake."

"Leta kisu," nikamwambia.

"Kisu ya nini?"

"Umukate. Unionyeshe wapi ni yetu, wapi ni yabo. Kichwa kinaenda Kasai? Miguu inabaki?"

"Yaya, usikasirike. Hii njo politike."

"Politike iliingia mu tumbo yangu siku gani? Mi nilikuwa pale, sikuiona."

Aliondoka bila kuaga. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yako. Ulisikia yote. Kwa hiyo ujue kwamba sibaki kwa sababu ya neno la Kapend. Nabaki kwa sababu muuguzi amenikataza treni. Mimba imefika mwezi wa mwisho, na pale kituoni wanawake wanazalia kati ya mizigo ya watu. Nikisha kujifungua na kupata nguvu nitawafuata. Siku yenyewe sitaitaja. Nikikutajia siku, utaihesabu, na ikipita utasema mama amekufa. Nakujua.

Tangu ulipokuwa mdogo watu wamekutafutia jina. Mwalimu wako wa kwanza alikuita sanamu. Mama Fideli, jirani yetu wa ukuta mmoja, alisema una maringo. Baba yako mwenyewe, kwa upendo wote alio nao, kila siku ni "jikaze, mama, jikaze." Neno hilo silipendi. Unajikaza nini? Wewe si kamba. Hakuna aliyeona kwamba mtoto huyu anasikia kila kitu, na kwamba kila anachosikia kinakaa ndani yake bila kuvua viatu. Watu wakigombana nyumba ya tatu, wewe huli. King'ora cha kampuni kilipokuwa bado kinalia, watoto wengine waliendelea kucheza. Wewe ulishika masikio, na siku yako ikaharibika. Walipokizima kwa kukosa kazi, mji mzima ulisikitika. Wewe ukaniambia polepole, "Mama, sasa ndege banasikika." Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi.

Nilicheka kwa sababu na mimi nilikuwa nimewasikia.

Ndiyo, mimi pia niko hivyo, ila nilijificha vizuri. Niliolewa na miaka kumi na saba, nimesoma kwa masista mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, nikaingia katika nyumba ya Kaku. Unaijua nyumba ya Kaku: mlango haufungwi, watu wanakula kwa zamu, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Kaku aliwaambia wageni, mbele yangu, "Muke wa mutoto yangu ni muzuri, lakini balituuzia bila betri." Wageni wakafa kwa kicheko. Nikacheka na mimi. Kuanzia hapo nikajifunza kupiga kelele kama wengine, kuimba, kupigia makofi mizaha ambayo sikuisikia vizuri, kisha nakimbilia chooni kupumua. Nilikaa chooni kuliko mtu mwenye kuhara. Mwishowe Kaku, ambaye moyo wake si mbaya, akaanza kunichemshia dawa ya tumbo.

Na niliinywa, Ngalula! Badala ya kusema, "Mama, kelele inanichosha, nitakaa nje kidogo," nilikunywa majani machungu na kusema asante. Na maneno ambayo sikumwambia Kaku yalikutokea wewe. Unakumbuka siku ile ulipomwaga ndoo mlangoni, nikakupigia kelele mpaka ukajikojolea? Kilichonikasirisha hayakuwa maji. Ilikuwa juma zima la watu nililokuwa nimelimeza. Sisi tusiosema, tukimeza sana, hatupasuki mbele ya mwenye kosa. Tunapasuka mbele ya aliye mdogo kuliko sisi. Ndiyo maana nakuomba useme neno likiwa bado dogo. "Nimechoka, nakaa pembeni." Basi. Usiombe msamaha, usitoe sababu, usiseme unaumwa tumbo. Kaku atanung'unika. Mwache, kunung'unika ndiko kupumua kwake.

Sasa nifike kwenye kilio cha babu yako, maana najua unakibeba bado.

Kwetu mtu akifa, wanawake wanakaa juu ya mikeka, na kila mgeni akitokea njiani sauti zinapanda upya, kila mmoja anamwita marehemu kwa maneno yake. Katika hilo Kaku hana mwenzake. Hata mitaa mingine walikuja kumwita awasaidie kulia. Na wewe, mjukuu aliyependwa, mwenye jina la Kaku mwenyewe, ulikaa katikati yao macho makavu. Kaku akakufinya paja. Nilimwona.

"Lia, majina!" Anakuita hivyo kwa sababu mnaitwa sawa. "Lia! Batu banatuangalia!"

Hukulia. Shangazi yako akasema kwa sauti ya kusikika, "Haka katoto kana roho ya jiwe."

Ukasimama, ukapita kati ya magoti ya watu, ukatapika nyuma ya nyumba, na jioni mwili ukawaka moto. Mimi nikawaambia watu ni malaria. Nikakupa kinini. Nilikupa kinini kwa ajili ya huzuni, mwanangu! Masikio yako, ambayo hata bila dawa yanasikia kupita kiasi, yakapiga kengele siku mbili, na mimi nimekaa kando ya mkeka naona aibu, eti mtoto wangu hakulia mbele ya watu. Leo ninapokumbuka nataka kurudi katika kilio kile nisimame katikati ya mikeka na kuwauliza: nani aliwaambia kwamba huzuni lazima ipite kooni? Ya huyu inapita tumboni. Ni huzuni ileile. Alimpenda mzee yule kuliko ninyi wote mnaopiga mayowe na kuchungulia sahani zinazopita.

Usiogope namna yako. Huzuni ikikupata kule, utatapika, utalala, utaamka. Huna ugonjwa. Na mtu asikupe dawa.

Halafu wale vijana waliotumwa na wakubwa kuwafukuza watu wa Kasai.

Njia niliyokufundisha ilikuwa mbaya. Niliposikia wameanza kupita nyumba kwa nyumba, nilikufundisha kusema kwa sauti kubwa, "Sisi batu ya Kapanga," kwa sababu ni kwetu mimi, si uongo mtupu. Nikakufanya urudie tena na tena kama sala. Ungedhani namfundisha kasuku, si mtoto ambaye hata kumjibu padri sauti inamkauka. Wakaja na fimbo zao. Mimi nilikuwa ndani na Kaku, wewe ulikuwa mlangoni. Mmoja akainama mbele yako.

"Weye, kamutoto, muko batu ya wapi?"

Mdomo wako ukafunguka. Hakikutoka kitu.

"Hakana kinywa?"

"Wacha," mwenzake akasema, anacheka. "Kimya yake njo jibu."

Wakaingia. Wakachukua meza, kitanda, redio ya baba yako. Wakachukua kitenge changu cha maua mekundu, ambacho Jumapili Mama Fideli alikivaa kanisani, akanisalimia nacho, akaniuliza mimba inaendeleaje! Wakasema treni ikija tusionekane tena hapa.

Tangu siku hiyo hulali. Unadhani sijui. Nimekusikia chini ya shuka ukimwambia Mungu akusamehe kwa kuwa ulinyamaza. Ndiyo sababu ya barua hii. Yale mengine yote ningekuacha uyajue mwenyewe polepole, lakini hili siwezi kukuacha upande nalo treni.

Sikiliza vizuri. Asubuhi ya siku ile, kabla hujaamka, nilitoka kuchota maji nikakuta msalaba wa chaki juu ya mlango wetu. Na juu ya mlango wa Tata Mbuyi. Na juu ya mlango wa yule mjane anayeuza mkaa. Nyumba zote za watu wa Kasai katika mtaa wetu, na hakuna hata moja waliyoikosea. Wetu nikaufuta kwa tambara, nikalisuuza tambara, nikarudi ndani, sikukuambia kitu. Nilisema moyoni, huyu anatetemeka hata kwa king'ora, nimfiche.

Walikuwa wanajua, Ngalula. Walikuja wakijua, na msalaba kuufuta hakukusaidia chochote. Swali lile lilikuwa mchezo, wanaume wazima wamepata mtoto wa kuchezea kabla ya kuanza kazi yao. Ungesema Kapanga, wangeingia. Ungesema Roma, wangeingia. Kimya chako hakikutuuza. Tulikuwa tumekwisha kuuzwa wakati wewe umelala na mdomo wazi na mate juu ya mto.

Nilidhani nakukinga. Kumbe pale nilipoacha pengo, wewe ulijiweka mwenyewe. Ndivyo kichwa chako kinavyofanya kazi: kikikosa sababu ya jambo, kinaandika jina lako. Kwa hiyo ukikosa sababu, uliza. Muulize baba yako waziwazi, "Ni mimi?" Watu watashangaa, watakuambia, "Apana we, ju ya nini?" Hilo ndilo unalotaka kusikia, na hutalisikia kama hukuuliza. Na siku hakuna wa kuuliza, wazo likaja likasema ni wewe, usilikaribishe kuketi. Liulize likiwa limesimama palepale: chaki ilikuwa mkononi mwa nani?

Kinachoniunguza ni hiki. Waliochora ule msalaba wanakoroma. Mama Fideli anakoroma, namsikia kupitia ukuta, na kitenge changu kimekunjwa kando ya kichwa chake. Kapend analala, mkewe kaniambia. Anayekesha ni mtoto ambaye hakumtendea mtu kitu. Wao wamefanya, wewe unajuta! Mimi siwezi kuwaamsha, sina nguvu hiyo. Lakini wewe naweza kukuambia, tena si ombi, nakuambia kama mama yako: usiwakeshee. Hasira uwe nayo, ni yako halali, watu wakimya nao wanaruhusiwa kukasirika. Ila ielekeze walipo wao. Usiigeuze ikuchome mwenyewe.

Bado neno moja, na hili huenda hukuliona kwa sababu ulikuwa ndani yake.

Vijana walipoondoka, Kaku alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wanawake wa mtaa wakaja, wakasimama wakimngojea alie, ili na wao walie. Hakulia. Yeye aliyeitwa kulilia maiti za watu wote, hakutoa hata sauti ya kukohoa. Hakula. Kesho yake vilevile. Baba yako akamwita, padri akamwita, mimi nikapiga magoti nikamwita. Macho yalikuwa wazi na hakuna aliyekuwa ndani. Niliogopa kuliko nilivyowaogopa vijana.

Wewe ukaenda ukachukua ungo. Sisi tumekuzoea, kichwa chako kikianza kukimbia unakwenda kuchambua maharage, hata yaliyokwisha kuchambuliwa. Ukakaa chini karibu na kinu, ukauweka ungo nusu juu ya magoti yako, nusu juu ya magoti ya Kaku, na ukaanza. Sote tulikuwa tumempa maneno. Wewe ulivipa vidole vyake kazi. Muda mrefu ulipita. Kisha kidole kimoja cha Kaku kikasogea, kikasukuma harage. Kisha kingine. Halafu akainua kijiwe mpaka kwenye jicho.

"Angalia hii jiwe," akasema, sauti imekwaruza. "Banaitia makusudi, ju kilo ipande. Bamwizi!"

Na akalia. Ulisikia? Hukusikia, kwa sababu hakukuwa na cha kusikia. Mabega tu. Kaku, ambaye akilia hata watu wa kambi ya pili wanauliza nani amekufa, alilia kama wewe, Ngalula, bila sauti. Na wewe hukumtazama. Uliendelea kuchambua, macho chini, kwa sababu unajua kwamba anayelia namna hiyo hataki kutazamwa. Nani alikufundisha? Si mimi. Si masista. Ni kilekile ambacho shangazi yako alikiita jiwe.

Kwa hiyo nisikusikie ukisema kwamba unakwenda huko kama mzigo. Baba yako ana mikono, Kaku ana mdomo. Wewe una hicho.

Sasa mambo ya mizigo, moja tu. Chini ya blanketi nimeweka mfuko wa maharage, na ungo nimeufunga kwa nje. Kaku akiufungua mfuko atapiga kelele behewa zima lisikie: huyu muke gani anapakia maharage na mawe yake, mama yake hakumufundisha? Mwache anitukane, itamfaa. Tangu niolewe sijapakia chakula ambacho hakikuchambuliwa. Safari hii nimefanya makusudi. Wanasema treni inaweza kusimama porini siku nzima, watu wamebanana, watoto wanalia, na wewe kichwa kitaanza kukimbia. Na Kaku anaweza kunyamaza tena ule unyamazaji mbaya. Hapo usingoje mtu akuambie. Tafuta ukuta wa behewa, kaeni, uweke ungo nusu kwako, nusu kwake.

Sufuria imenyamaza huko nje. Unakuja, nakunja karatasi.

Mawe mkiyatoa, yatupeni njiani. Lisifike hata moja Kasai.

Mama yako, ambaye hata sasa anasikia hatua zako